Mfuko Ulionyamaza

Wanawake bado wanamwulizia. Wanaingia katika duka la vitu vya watoto la Shafiki, mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanapita mabeseni ya kuogeshea na vyandarua vya kukunja, wanakwenda moja kwa moja hadi pembe ya ndani, na hapo wanasimama kama watu waliokosea nyumba. Pazia halipo. Vigari vya watoto vimepandishwa kimoja juu ya kingine karibu kufikia dari, na ukutani nyuma yake imebaki safu ya matundu madogo, rangi imebanduka kuzunguka kila tundu.

"Ule mama ya pazia iko wapi?" wanauliza.

Alice, anayeuza pampasi karibu na mlango, ameshachoka na swali hilo. "Ameenda."

"Amekufa?"

"Nimesema amekufa? Nimesema ameenda."

Wanavitazama vigari kidogo, kisha wanatoka. Sidiria za kunyonyesha bado zinauzwa, zimewekwa kwenye rafu ya mbele, lakini ni mwanamke gani atanyanyua sidiria aipime kifuani huku mwanaume anachagua beseni pembeni yake?

Mama wa pazia aliitwa Ocokoru. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na miguu iliyovimba kila ifikapo saa kumi. Nyumba yake iko Oli, ukingoni mwa Arua, vyumba viwili na kibanda cha kupikia, karibu na mto kiasi kwamba mvua ikinyesha sana husikia maji kabla ya kuyaona. Kila Jumatatu alfajiri alifunga mlango, akaenda Koboko, akakaa katika chumba cha kupanga nyuma ya duka hadi Ijumaa. Jumamosi alisimama katika duka la pili la Shafiki, kule Arua. Jumapili alikwenda kanisani akasinzia. Alifanya hivyo miaka kumi na moja.

Kiswahili alikipata kambini, alipokuwa mke wa askari aliyeitwa Alionzi. Alionzi alihamishwa, akahamishwa tena, na katika uhamisho wa tatu akapata mke mwingine, asirudi. Ocokoru alibaki na watoto watatu na rundo la mitumba. Kutoka kwenye rundo hilo, sokoni Arua, ndiko alikojifunza kazi yake: kumtazama mwanamke anavyotembea kuja kwake na kujua, kabla hajafika, sidiria ipi itamkaa na ipi itamkata mabega.

Lakini wanawake wenye mimba walikuwa na shida yao, na shida hiyo ndiyo iliyozaa ile misumari ya ukutani. Wengi waliokuja kwake waliamini kwamba mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia. Ukimnunulia, unamwita kwa kishindo, na wasiokutakia mema wanasikia pia. Basi mwanamke alikaa mikono mitupu hadi siku ya uchungu, halafu akapelekewa sidiria na mume au mama mkwe aliyekisia kwa macho, na ikawa ndogo, ikabana, maziwa yakaganda, kifua kikawaka moto kama jiwe la jikoni. Ocokoru aliona vifua vya namna hiyo mpaka akachoka.

Akabuni njia. Mwanamke alikuja na tumbo lake, akaingia nyuma ya pazia, akapimwa. "Hizi za leo ni embe," Ocokoru alimwambia, akiongeza namba mbili juu ya kipimo. "Mtoto akilia zitakuwa papai. Usiniletee aibu ya embe hapa." Walichagua sidiria mbili na gauni la kufunguka mbele. Vyote viliingia mfukoni, na mfuko ukatundikwa msumarini na karatasi yenye jina la mama. Hakuna kilicholipwa, hakuna kilichotoka dukani, kwa hiyo hakuna kilichonunuliwa. Mwanamke alitoka mikono mitupu kama desturi inavyotaka. Na siku mama, dada au mume alipoingia na kusema, "Nimekuja kuchukua mzigo wa fulani," Ocokoru alipiga kigelegele hadi wauza nyama wa ng'ambo ya barabara wajue kuna mtu mpya Koboko.

Mimba haiulizwi. Hiyo ilikuwa sehemu ya desturi pia. Kama mfuko haukuchukuliwa, Ocokoru hakutuma mtu kuuliza. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na mfuko ukanyamaza. Naye Ijumaa moja aliutungua bila neno, akaenda nao Arua, na Jumamosi vilivyokuwa ndani vikaning'inia miongoni mwa vingine mbele ya watu wasiojua. Katika miaka kumi na moja ilikuwa mifuko tisa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzika mtoto. Wote watatu walikua, wakaondoka. Nyakati nyingine, akitazama misumari ile, jambo hilo lilimtia haya, kana kwamba alikuwa amekula sehemu ya mtu mwingine.

Mfuko wa kumi ulikuwa wa Annie.

Annie alikuja kutoka Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, mimba ya miezi saba. Alikuwa Mkongomani, amekuja na wazazi kutoka upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka, akiwa bado msichana. Nyuma ya pazia alivua blauzi polepole, akageuza uso. Titi la kushoto lilikuwa na kovu kubwa, ngozi imejikunja na kung'aa kutoka begani hadi kwenye chuchu.

"Ni uji ya moto," Annie alisema. "Nilikuwa mutoto. Sasa kila kitu inakwaruza. Mama, unaona huku itatoa maziwa?"

Ocokoru aligusa pembeni mwa kovu kwa kidole kimoja. "Mimi siyo daktari. Mimi ni mama ya sidiria."

"Lakini umeona mengi."

"Nimeona mengi. Kama hii imelala, ile ingine itafanya kazi ya wawili. Titi haina wivu."

Annie akacheka, na kicheko kikamalizika vibaya. Ocokoru hakumwekea sidiria ya kawaida. Jioni ile aliifumua upande wa kushoto, akatoa mshono wote mgumu, akaweka bitana ya pamba laini aliyoikata kutoka kwenye nguo yake mwenyewe ya kulalia, akaupanua mkanda wa bega. Ilimchukua jioni tatu. Ilikuwa sidiria isiyoweza kuvaliwa na mwanamke mwingine yeyote duniani. Akaitundika.

Miezi miwili. Mitatu. Mingine yote iliyotundikwa baada yake ilichukuliwa kwa vigelegele, na huo ukabaki. Ocokoru hakuweza kuupeleka Arua, maana nani angenunua kitu kile? Hakuweza kuutupa. Kila asubuhi alipovuta pazia aliuona, na kila asubuhi alimuona mtoto ambaye maziwa hayakumfikia. Mwezi wa tano, wateja wakaanza kupungua.

"Mama, nikuambie kitu hutakasirika?" Alice alisema Jumatatu moja wakifungua. Alice alikuwa mtu wa Yei, Sudan Kusini, mama wa watoto watatu, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Wanawake wanaogopa ile mfuko yako. Wanasema ni ya mutu alikufa. Nani ataweka mzigo ya mtoto wake jirani ya maiti?"

"Ni pamba na klipu, Alice."

"Basi itungue."

"Siwezi."

"Unaona? Hata wewe unaiogopa."

Shafiki alikuja kesho yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nyeupe, ambaye kwa miaka yote aliuza sidiria bila kuzitaja. Kwake zilikuwa "zile vitu". Alisimama upande wake wa pazia, kama kawaida, na kuongea na kitambaa.

"Mama Ocokoru. Hii pembe inakula duka yangu. Jumamosi lori inaleta vigari kutoka Kampala, na sina pa kuweka."

"Weka mbele, bosi."

"Mbele kuna pampasi. Sikiliza. Kama watu wanaingia kwa pazia yako, pembe ni yako, mimi sina maneno. Lakini hawaingii, na wote wanajua sababu. Fanya ile mfuko iondoke kabla ya Jumamosi. Isipoondoka, nitatoa pazia."

"Na mimi?"

"Utasaidia Alice na pampasi."

Ocokoru alikaa juu ya kiti chake, miguu ndani ya beseni la duka lenye maji ya chumvi. Hakuwa na duka. Hakuwa na shamba. Alikuwa na mita mbili za ukuta, na nyuma ya mita hizo alikuwa mtu ambaye wanawake walivua blauzi mbele yake bila woga. Na alijua kwamba mfuko ule ungeweza kuondolewa kwa njia moja tu ya heshima: kwenda kwa wenyewe, kulia nao, na kuwaomba ruhusa.

Jumatano alinunua kilo ya sukari na mche wa sabuni, kama anavyofanya mtu anayekwenda penye msiba. Alijifunga kitenge cha pili kiunoni. Mfuko wa Annie akauweka chini kabisa ndani ya kapu. Mtu wa bodaboda alimfikisha Lobule, akamwonyesha njia ya kuingia kati ya mihogo, na hapo Ocokoru akaendelea kwa miguu, jua likimchapa kisogoni. Alipoona nyumba, alifanya kama alivyolelewa. Huingii penye kifo kimyakimya kama mwizi. Akaweka mikono kichwani na kuanza kulia.

Alilia vizuri. Labda kwa sababu ya uchovu, labda kwa sababu ya mifuko tisa, sauti ilitoka mahali ambapo hakuwa amepatarajia, na alifika uani machozi yakimtiririka hadi shingoni.

Mwanamke mzee aliyekuwa akimenya mihogo alisimama na kisu mkononi. Huyo alikuwa Victoria, mama yake Annie.

"Mama, unalilia nani?"

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Mimi ni yule wa Koboko, wa sidiria. Nimelilia mtoto."

"Mutoto gani?"

"Mtoto ya Annie."

Kisu kikaanguka. Mlangoni akatokea Annie, blauzi imefunguliwa nusu, na kwenye ubavu wake, ameshikilia titi kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa kutoka kwenye kibuyu, mtoto wa kiume mwenye mashavu manene. Mtoto aliachia titi, akamtazama Ocokoru, akacheua.

Kuku alipita katikati yao.

"Hapa hakuna mutu alikufa," Victoria alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. Aliangalia kapu, akaona sukari, akaona sabuni. "Yesu wangu. Umeleta kilio kwa mutoto muzima? Na sabuni umeleta?"

Ocokoru akaketi pale pale chini, vumbini. "Mfuko haukuchukuliwa," alisema. "Miezi tano. Nikajua."

Annie aligeuka taratibu kuelekea upande wa pili wa ua, ambako mumewe, kijana mrefu, alikuwa ameinama juu ya baiskeli iliyopinduliwa, akiinama zaidi na zaidi, kana kwamba angependa kuingia ndani ya gurudumu.

"Blanchard," Annie alisema. "Weye si ulisema duka ilifungwa?"

"Ilikuwa kama imefungwa."

"Kama?"

"Nilienda mara tatu!" Blanchard alisimama, mikono imejaa grisi. "Mara tatu, haki ya Mungu. Nilifika mpaka mlango. Zile vitu zinaning'inia toka chini mpaka juu, na ndani wanawake tupu. Mwanaume ataingia atasema nini? 'Nipe matiti ya bibi yangu'?"

Jirani mmoja aliyesogea kuona kilio ni cha nani akaanza kucheka, na mwingine nyuma yake. "Blanchard amekimbia sidiria!" mtu alipaza sauti. "Anavuka mpaka usiku na mizigo, sidiria inamshinda!"

Hata Annie alicheka. Victoria hakucheka. Alikuwa ameinyanyua ile sukari na kuishika mbali na mwili wake.

"Hii haiwezi kulala hapa," alisema. "Na haiwezi kurudi na weye. Sukari ya kilio ikibaki katika nyumba, itatafuta mutu wa kufa. Tutaimaliza leo, yote, na weye utakunywa nasi, mpaka iwe sukari ya kuzaliwa. Annie, weka sufuria kubwa."

Basi walikunywa. Chai iliiva, ikamiminwa, ikaiva tena. Majirani waliitwa kutoka mihogoni, na kila aliyekuja alipewa kikombe kilichojaa sukari hadi kijiko kilikuwa kizito kukoroga. Sabuni nayo ilimalizwa. Victoria alimwogesha mtoto, halafu akafua kila kitambaa alichokiona, akasugua mpaka mche ukawa kipande, kipande kikawa povu. Ocokoru alikunywa vikombe vinne. Meno yalimuuma. Kila alipotaka kuweka kikombe chini, Victoria alimtazama.

"Kunywa, mama. Ni weye ulimlilia."

Kikombe cha nne kilipokwisha, Annie alimwita ndani. Ocokoru akatoa mfuko kapuni. Sidiria ilikaa vizuri kulia. Embe limekuwa papai. Kushoto ilining'inia. Titi lenye kovu lilitoa matone siku mbili, Annie alieleza, halafu likanyamaza. Mtoto alikula upande mmoja tu tangu kuzaliwa.

"Na ona shavu," Annie alisema. "Ulisema haina wivu."

"Nilisema tu."

"Ulisema kweli."

Miezi yote hiyo alikuwa amejifunga kifua kwa kipande cha kitenge, na kovu lilikuwa limechubuka. Ocokoru alitoa sindano na kuanza kukunja upande wa kushoto ulingane na mwili. Mwanga ulikuwa hafifu pale ndani na ilibidi aushike mshono karibu na macho. Nje walisikika wakimtania Blanchard bado.

"Mama," Annie alisema, mtoto sasa amelala begani kwake. "Ni nani alikuambia amekufa?"

"Hakuna mtu. Mfuko ulinyamaza."

"Na ile mingine ikinyamaza? Unaendaga kuwalilia na wale?"

Ocokoru akakata uzi kwa meno, akamvalisha Annie, akafunga klipu, akapitisha kidole chini ya mkanda kuhakikisha haukwaruzi.

Alhamisi, Alice alisimulia habari nzima mlangoni kwa kila aliyeingia, akiigiza kilio, akiigiza Blanchard na gurudumu. Kufikia mchana wanawake walikuwa wakicheka nyuma ya pazia. Shafiki alifika saa tisa, akaongea na kitambaa.

"Mama Ocokoru. Nasikia mtoto iko mzima."

"Iko mzima, bosi."

"Al-hamdulillahi. Basi pembe ni yako. Vigari nitafunga juu ya paa, ninajua mimi?"

Ocokoru alikuwa ameshinda. Alingoja furaha ije, na haikuja. Alichoona, akitazama misumari, ni kwamba mfuko mmoja katika kumi alikuwa ameufuata hadi kwao, na ule ndio aliokosea. Mingine tisa labda ilikuwa ya wanaume walioona haya mlangoni. Labda haikuwa. Labda mahali fulani katika vijiji vya Dranya au ng'ambo ya mpaka mwanamke alikuwa ameketi na maziwa yakimlowesha blauzi, hakuna wa kuyanywa, wakati Ocokoru anatundika sidiria yake Arua na kumwambia mteja inampendeza.

Ijumaa asubuhi aliingia mwanamke mwenye tumbo la miezi minane, mrefu, mchangamfu. Alipimwa, akachagua, akataka gauni la kijani. "Andika Rejoice," alisema, akitazama ukuta. "Niweke pale mwisho, karibu na dirisha. Nataka mfuko yangu ipate hewa."

Ocokoru aliandika jina. Alishika mfuko. Mkono wake ulipanda hadi kwenye msumari, ukakaa hapo, ukashuka. Kama mfuko ungenyamaza, angelazimika tena kuchagua kati ya kuulilia na kuuuza.

"Rudi ukishazaa, binti yangu."

"Nikishazaa? Si nimesikia hapa mnaweka?"

"Tulikuwa tunaweka."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hakuna. Wewe hujakosa kitu. Rudi na mtoto, au tuma mtu, nitakuja mwenyewe kukupima nyumbani kwako kama nina nguvu."

Rejoice alitoka amekasirika, akasema mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama yule amezeeka. Ocokoru aliondoa misumari mmoja mmoja kwa nyuma ya mkasi. Halafu akakunja pazia na kumpelekea Shafiki, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alilazimika kumtazama usoni akiongea naye kazini.

"Nimekuachia pembe, na sasa wewe unakataa?"

"Nimechoka, bosi."

"Kupumzika ni jambo ingine. Chukua wiki moja."

"Siyo ya wiki moja."

Shafiki aligeuza kofia yake mkononi. Alitaka kuuliza, lakini alikuwa mtu wa pale pale, na kuna mambo hayaulizwi. Akamwagiza Alice afunge sukari na mchele ampe mama avipeleke nyumbani. Ocokoru aliuchukua mchele. Sukari aliiacha juu ya meza.

Siku hizi Ocokoru analala kwake Oli kila siku ya wiki. Anauza katika duka la vitu vya watoto la mwanamke mmoja aitwaye Afedra, mjini Arua, kwenye meza iliyo karibu na mlango, na hampimi mwanamke ambaye hajajifungua.